Ndoo Niliyoirudia Nyumbani

Siku moja ya masika haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ingawa tangu siku hiyo nimezika wazazi, nimeoa, nimepata wajukuu, na nimesahau mambo mengi yaliyokuwa makubwa kuliko kichuguu. Naikumbuka kwa sauti yake: vijiti viwili vikigonga ubao, ta-ta-ta-ta, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya majani makavu. Nakusimulia leo kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ulinijia ukaniambia, "Mzee, sikukusudia. Nilijikuta tu nimefanya." Sikukujibu pale mlangoni. Jibu langu ni refu kidogo, na linataka mtu aliyeketi.

Kwetu Mella, hapa mpakani, kichuguu kina mwenyewe. Wageni hushangaa wakisikia hivyo. Wao huona rundo la udongo lililosimama shambani, basi. Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua kwamba kichuguu hurithiwa kama shamba, hata kikiwa kimesimama katikati ya mihogo ya mtu mwingine. Mwenyewe ndiye anayekipalilia, ndiye anayechimba shimo pembeni yake, na masika yakifika ndiye anayekipiga. Hujenga kijibanda cha fito juu ya matundu, hukifunika kwa blanketi kuukuu, huacha upenyo wa mwanga upande wa shimo, kisha huketi na kugonga vijiti. Kumbikumbi walio chini husikia mvua. Hutoka, huufuata mwanga, huanguka shimoni kwa maelfu. Ndio hao tunaowakaanga na kuwasaga kwa chumvi. Mkwe akija wakati wa masika asiwekewe kumbikumbi, hurudi kwao akisema hakupokelewa.

Sasa, mpaka wa shamba letu ulikuwa na kichuguu kikubwa, na mwenyewe alikuwa jirani yetu, mjane tuliyemwita Mama Taaka. Alikuwa Msamia, mtu wa kabila jirani, aliyeolewa kwetu, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka ule binti yake Athieno alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa waje Jumamosi, na kichuguu kile ndicho kilichokuwa kiiandae meza yake. Alikuwa amekisafisha, amechimba shimo, amesimamisha fito na kuzifunika. Alikuwa anangoja tu siku ya jua baada ya mvua.

Siku hiyo ilifika Jumatano. Lakini Jumatano ile ile kulikuwa na mazishi upande wa pili wa kilima, na kijiji kizima kilikwenda. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimetoka shule Tororo kwa likizo, kijana wa miaka kumi na tisa, nikijiona nimesoma kuliko watu wote wa kwetu. Nilipita karibu na kichuguu nikasikia wakivuma ndani, mwanangu, kama sufuria inayotaka kuchemka. Ubao ulikuwa pale. Vijiti vilikuwa pale. Nikasema, nijaribu tu. Nikagonga. Kabla sijatoka jasho walikuwa wanamwagika shimoni.

Walipojaa, nilikwenda nyumbani, nikachukua ndoo, nikarudi, nikaijaza. Nikakata majani ya mgomba nikaifunika. Usiku wake nilikula nikashiba hata nikachukia harufu.

Kesho yake Mama Taaka alikuta shimo tupu na mbawa zimetapakaa. Hakupiga kelele. Aliketi kando ya kichuguu chake kwa muda mrefu, khanga begani, kama mtu aliyekaa msibani. Kelele zilipigwa na kaka yake, Mzee Wandera, aliyekuwa amekuja kutoka Busia kusimamia mambo ya posa. Alikuwa mtu mwenye kifua na sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, cha watu waliouza na kununua maisha yao yote.

"Nani hakuwa kwa mazishi?" aliuliza.

Mtu mmoja akasema alimwona Ofwono akipita njia ile mchana, akisukuma baiskeli yake yenye pancha.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa maana Ofwono ndiye aliyekuwa mposaji. Alikuwa akibeba abiria na mizigo kwa baiskeli pale Busia, kutoka geti la Uganda hadi geti la Kenya. Wafanyabiashara wasiomjua hata jina walimpa mabunda yao ya vitenge wakatangulia kwa miguu, naye akawakuta upande wa pili bila kupungua kipande. Lakini kijijini tulimjua kwa baba yake. Baba yake alikuwa mwizi wa ng'ombe. Alivusha ng'ombe za watu mto Malaba, na mara ya mwisho alivuka nazo asirudi.

"Mtoto ya nyoka ni nyoka," alisema Mzee Wandera. "Hiyo damu mimi najua. Leo huyo kijana nakula kumbikumbi ya mama mkwe, kesho yeye nakula ng'ombe ya shemeji. Jumamosi wakikuja, mimi nawarudisha na njia ile ile."

Lisemwalo lipo, watu walisema. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia kila neno, na ndoo yangu ikiwa chini ya kitanda.

Usidhani sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nalo, na lilikuwa la kisomi! Usiku kucha nililipanga. Kila jambo lina kilichosababisha. Mvua ilisababisha kumbikumbi kuvuma. Kuvuma kulisababisha nisikie. Kusikia kulisababisha nitamani. Mazishi yalisababisha njia iwe tupu. Na nyuma ya yote yuko Mungu, anayejua mambo kabla hayajatokea. Kama alijua kabla ya dunia kuumbwa kwamba Okoth, yaani mimi, ataiba kumbikumbi siku ya Jumatano, Okoth angefanya nini? Nililala nikiwa nimejisamehe. Niliamka sijasamehewa.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Yeremia aliniita nikamsaidie kupiga kichuguu chake. Huyu ndiye aliyekuwa akisoma ibada kanisani kwetu mchungaji asipokuwepo, na ndiye aliyenifundisha kusali kabla sijajua kusoma. Alikuwa mzee mwembamba, jicho moja limeingia ukungu. Tulikaa pande mbili za ubao, tukaanza kugonga. Nikaona ndiyo nafasi ya kuujaribu utetezi wangu kwa mtu mwenye elimu ya dini. Lakini si kwa jina langu. Sikuwa mjinga kiasi hicho, au ndivyo nilivyodhani.

"Mwalimu," nikasema, "kuna rafiki yangu shuleni. Aliiba maembe. Anasema hakuweza kujizuia, njaa ndiyo iliyomsukuma."

"Pole yake," akasema, akigonga. "Yalikuwa mengi?"

"Ndoo nzima."

"Na hiyo ndoo aliikuta chini ya mwembe?"

"Hapana. Alirudi bwenini kuichukua."

"Alaa." Akagonga kidogo. "Ni mbali?"

"Kama hatua mia mbili."

"Mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Njaa hiyo ina subira. Ilimsukuma hadi mwembeni, ikamwacha aende kuchukua ndoo, ikamngoja arudi." Akanitazama kwa lile jicho zima. "Mimi nimesikia watu wakisema shetani alinipitia. Sijasikia shetani anayempitia mtu kisha akaketi kumsubiri."

Nikaona niingize dini. "Lakini Mwalimu, Mungu alijua kabla kwamba ataiba. Sasa angewezaje kutoiba?"

"Mama yako akikupakulia ugali wa wimbi, anajua utaumaliza?"

"Anajua."

"Je, ni yeye anayetafuna?"

Akaendelea kugonga, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Huyo rafiki yako, ile ndoo aliifunika?"

"Aliifunika. Kwa majani ya mgomba."

"Kwa nini?"

"Watu wasione."

"Basi alijua. Hakuna aliyemwambia ni kosa, hakuna mchungaji pale, hakuna askari, lakini alikata jani akafunika. Jani hilo lilikwisha kumhukumu kabla ya mtu yeyote." Kisha vijiti vyake vikasimama. "Lakini niambie. Majani ya mgomba aliyapata wapi, huko bwenini, Tororo mjini?"

Mwanangu, nilihisi masikio yakiwaka. Mwalimu Yeremia hakucheka. Alifunua pembe ya blanketi tukawaona kumbikumbi wakitoka, mbawa zao bado mpya, wakisukumana kuelekea mwanga.

"Watazame," alisema. "Tumewapigia ubao, wamesikia mvua, wametoka. Miaka yote niliyopiga vichuguu sijaona hata mmoja aliyebaki ndani akauliza, hii ni mvua au ni Yeremia? Siwalaumu. Hawakupewa hilo. Wewe umepewa. Unasikia njaa, unasikia tamaa, unasikia wenzako; kelele zote hizo ni za kweli, mimi sikatai. Lakini kati ya kelele na mlango pana mahali pa kusimama. Muumba ametuwekea mahali hapo, na hapo ndipo anapozungumza nasi."

Nikajikaza kwa mara ya mwisho. "Kumbikumbi hawapandwi na mtu, Mwalimu. Wanatoka ardhini tu."

"Mwambie rafiki yako," alisema, bado akinihifadhia aibu yangu, "kwamba hilo halimhusu aliyepanda. Linamhusu aliyekaa kando ya kichuguu chake jana akilia bila sauti. Tena umwambie jambo jingine. Yeye anasema alisukumwa, hakuwa na uwezo. Mzee Wandera naye anasema Ofwono amesukumwa na damu ya baba yake, hana uwezo. Ni neno lile lile moja. Rafiki yako linamfungulia mlango atoke, na Ofwono linamfungia ndani. Akilikubali kwa nafsi yake, amelikubali kwa Ofwono. Hawezi kula nusu ya uongo."

Hapo nililia. Nikamwomba aende yeye akawaambie, kwa kuwa watu walimheshimu.

Alikataa. "Kesho nitakuwepo, nami nitasema ninavyoamini, kwamba Ofwono si mwizi. Lakini jina lako halitatoka kinywani mwangu. Nikikutoa mimi, nitakuwa nimekupigia vijiti nawe umetoka kama hawa. Nataka utoke mwenyewe."

Jumamosi wakwe walikuja. Nilikuwa nyumbani, nikasikia salamu zao, kisha nikasikia sauti ya Mzee Wandera ikipanda. Nikaitoa ile ndoo chini ya kitanda. Nusu ilikuwa imebaki, imekauka. Nikashika njia ya kupitia kichuguuni, ile ile, na safari hii nilizihesabu hatua. Zilikuwa mia mbili na kumi na saba hadi kichuguu, na nyingine kama mia hadi uwanja wa Mama Taaka. Katika kila moja ningeweza kugeuka. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenivuta, hata mbwa hakubweka. Sijawahi kutembea nikiogopa hivyo, na sijawahi, mwanangu, kutembea nikiwa huru hivyo. Kila hatua ilikuwa yangu.

Uwanjani watu walikuwa wamekaa pande mbili. Ofwono alikuwa upande wa wazee wake, shati jeupe, kichwa chini. Mzee Wandera alikuwa amesimama, na Mwalimu Yeremia naye alikuwa amesimama akimjibu.

"Mwalimu, wewe ni mtu ya kanisa," Mzee Wandera alikuwa akisema, "unasamehe kila mtu. Mimi ni mjomba ya huyu msichana. Naomba hawa wageni wachukue fimbo zao."

Nikapita katikati. Nikaiweka ndoo mbele ya Mama Taaka, nikaondoa majani yaliyokauka.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Siku ya mazishi nilikipiga kichuguu chako. Ofwono hakugusa kitu. Nilikula nusu. Nusu ni hii."

Mzee Wandera ndiye aliyeanza. "Wewe si ndiye nasoma Tororo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa hivyo huko walimu nafundisha kupiga kichuguu ya wajane?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili. Mama yangu, aliyekuwa amekaa na wanawake, alijifunika uso kwa khanga. Ofwono alisimama akaja hadi mbele yangu. Mikono yake ilikuwa migumu kwa usukani wa baiskeli, nikajua akinipiga nitaanguka.

"Siku mbili ninaitwa mwizi," alisema, "na wewe uko kitandani unatafuna?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umenichukia?"

"Hapana. Sikukufikiria hata kidogo."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote niliyosema siku hiyo, kwa maana lilikuwa kweli. Alinitazama. Kisha akainama, akachota konzi moja ndooni, akanitilia mkononi. "Kula," akasema, "usije ukasema ni njaa ilikusukuma."

Watu waliangua kicheko, mwanangu, kicheko cha kufungua vifua. Mama Taaka akainuka, akaichukua ndoo, akasema neno lake la kwanza tangu Alhamisi: "Athieno, washa moto. Wageni hawajala." Wanawake wakapiga vigelegele hadi nadhani walisikika ng'ambo ya mto. Mzee Wandera akavuta kiti chake, akakiweka kando ya kiti cha Ofwono, akaketi. Hakuomba radhi kwa maneno. Lakini chakula kilipoletwa, sahani ya kumbikumbi aliisogeza kwa Ofwono kwanza, na sisi watu wa mpakani tunajua kusoma sahani.

Adhabu yangu aliitoa Mama Taaka mwenyewe: masika matatu nikipalilie kichuguu na kukipiga, na nisionje hadi nipewe. Nilimaliza matatu, nikaendelea. Ofwono na Athieno walioana. Unawajua. Yule mzee anayetunza funguo za kanisa letu, ambaye sadaka zote za mavuno hupita mikononi mwake, ndiye mtoto wa mwizi wa ng'ombe. Na Mama Taaka alipokaribia kuaga dunia, alituita akasema kichuguu ni cha Athieno, lakini wa kukipiga ni Okoth, kwa sababu Okoth anajua kinagharimu nini.

Basi masika haya, siku mbili tatu kabla hujanijia, tulikuwa pale. Malori yalikuwa yakinguruma barabara ya Malaba, wajukuu wana simu zao mkononi wakitupiga picha, na wazee wawili wenye magoti mabovu tumeketi kando ya rundo la udongo. Mimi niligonga vijiti. Ofwono alishika ndoo. Walipoanza kumwagika alipaza sauti, kama anavyofanya kila mwaka: "Okoth, ndoo hii umeitoa wapi?" Nami nikamjibu, kama ninavyomjibu kila mwaka: "Nyumbani, shemeji, kwa miguu yangu!" Tulicheka hadi wajukuu wakaacha simu zao.

Sasa nikujibu, mwanangu. Ulisema ulijikuta tu umefanya. Sitabishana nawe kwamba kuna vitu vilivyokusukuma. Vipo, na vingine vina nguvu kuliko wewe unavyojua. Lakini rudi ukaitafute ndoo yako. Katika kila kosa kuna mahali ulipogeuka kwenda kuchukua kitu, neno uliloliandaa, mlango uliofunga, jani ulilokata. Hapo palikuwa pako. Usikubali mtu akunyang'anye mahali hapo, hata akija na maneno matamu ya kukuhurumia, kwa maana akishakuondolea lawama yote amekuondolea na heshima yote. Anayesema "sikuweza kutenda vingine" jana, kesho atasemaje "nitatenda vema"? Na usimhukumu mwenzako kwa damu yake, usije ukajikuta wewe mwenyewe huna ila damu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli huanza na hatua moja yenye kutetemeka, na sijamwona aliyeimaliza akajuta.

Bado hujachelewa. Mwenye shimo tupu, yule uliyemkosea, yupo, unamjua jina, na nyumba yake unaijua. Sitakwenda kwa niaba yako, wala sitakutaja.

Muumba aliyekupa masikio ya kusikia kelele zote za dunia, akupe na utulivu wa kusimama kabla ya mlango. Akuimarishie magoti njiani. Ufike uwanjani ukute watu wenye moyo wa kucheka, na wanawake wenye pumzi ya vigelegele. Uzeeke kando ya mtu uliyemkosea, mkigawana ndoo moja. Amina. Nenda, mwanangu.